Kumeguka kwa Bendi na Maisha ya Kikazi ya Wanamuziki wa Zaiko Langa Langa wa Kinshasa, 1969–2021

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Desemba 1969 kundi la vijana wa Kinshasa lilianzisha bendi iliyopewa jina la Zaiko Langa Langa. Wengi wao walikuwa wametoka shuleni karibuni, na baadhi walikuwa bado wanafunzi. Kabla ya kutimiza miaka ishirini, bendi hiyo ilikuwa imemeguka mara kadhaa na kuzaa bendi nyingine nyingi: Isifi Lokole, Yoka Lokole, Viva La Musica, Grand Zaiko Wawa, Langa Langa Stars, Choc Stars, Anti-Choc na Zaiko Familia Dei. Ni vigumu kumtaja mwanamuziki wa Kongo aliyevuma baada ya mwaka 1980 ambaye nasaba yake ya kimuziki haigusi mojawapo ya matawi hayo.

Simulizi zinazojulikana zaidi kuhusu kumeguka huko hueleza tabia za watu. Fulani alikuwa na tamaa, mwingine alimwonea mwenzake wivu, wa tatu alilewa sifa. Maelezo ya namna hiyo yamezoeleka pia katika historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, ambako mwanamuziki anayehama bendi huonekana msaliti na bendi inayogawanyika huhesabiwa kuwa imeshindwa. Methali isemayo kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka hutumiwa kufunga mjadala kabla haujaanza.

Makala haya yanachunguza maisha ya kikazi ya wanamuziki waliopitia Zaiko Langa Langa na kujenga hoja tofauti. Hoja hiyo ni kwamba kumeguka kwa bendi kulikuwa ndiyo ngazi ya kupandia kikazi. Katika mazingira ambamo mwanamuziki hakumiliki ala, hakuwa na mkataba wa kutegemewa na hakulindwa ipasavyo na hakimiliki, mali pekee aliyoweza kuondoka nayo ilikuwa jina. Hata hivyo, ngazi hiyo haikuwa wazi kwa wote kwa kiwango kimoja. Waimbaji waliipanda kwa wepesi zaidi kuliko wapiga ala, ingawa wapiga ala ndio waliotengeneza sehemu kubwa ya mlio ulioifanya bendi hiyo ijulikane.

2.0 Kizazi cha Wimbi Jipya

Ili kuielewa Zaiko ni muhimu kwanza kuzitazama bendi zilizoitangulia. Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, aliunda African Jazz mwaka 1953. OK Jazz, ambayo baadaye iliongozwa na Franco Luambo Makiadi, ilianzishwa mwaka 1956. Mwaka 1963 Tabu Ley Rochereau na mpiga gitaa Docteur Nico waliondoka African Jazz na kuanzisha African Fiesta. Hivyo basi, kumeguka kwa bendi hakukuanza na Zaiko. Bendi hizo kubwa zilikuwa na safu za tarumbeta na saksafoni, sare nadhifu na viongozi waliokwisha kuwa watu wazima wenye heshima zao mjini.

Vijana wa mwishoni mwa miaka ya 1960 walikulia katika hali nyingine. Walisikiliza rumba ya wakubwa zao, lakini pia walisikiliza muziki wa Otis Redding na James Brown kutoka Marekani, na wa Johnny Hallyday kutoka Ufaransa. Bendi zao zilijulikana kama bendi za vijana, na kizazi chao kikaitwa kwa Kifaransa nouvelle vague, yaani wimbi jipya. Istilahi hii isichanganywe na wimbi jipya la muziki wa roki wa Uingereza na Marekani lililokuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wimbi jipya la Kinshasa lilitangulia, na chimbuko lake lilikuwa rumba.

Mabadiliko makubwa ya kimuziki yaliyoletwa na Zaiko yanaweza kuelezwa kwa mambo matatu. Kwanza, bendi iliachana na ala za kupuliza. Ala hizo ni ghali na hudai mafunzo ya muda mrefu, na nafasi yake ilichukuliwa na waimbaji wengi walioimba kwa pamoja pamoja na magitaa ya umeme. Pili, dramu zilipewa uzito ambao hazikuwa nao katika rumba ya awali. Tatu, sebene, yaani ile sehemu ya wimbo ambamo uimbaji hupisha magitaa na watu hucheza, ilirefushwa na kuharakishwa hadi ikawa kiini cha wimbo. Mabadiliko mawili kati ya hayo matatu, la pili na la tatu, yalikuwa kazi ya wapiga ala. Jambo hili litarejewa baadaye kwa kuwa lina uzito katika hoja ya makala haya.

Siasa nayo ilichangia. Jenerali Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965, na Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Katika sera yake ya kurejea uasilia, raia walitakiwa mwaka 1972 kuacha majina ya Kikristo na kutumia ya Kiafrika. Jina la bendi yenyewe huelezwa kuwa kifupisho cha maneno yenye maana ya Zaire ya mababu. Kijana aliyeitwa Jules, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949 na mama aliyekuwa mwombolezaji wa kulipwa katika misiba, akajulikana kama Shungu Wembadio, na jukwaani kama Papa Wemba. Kwa kizazi hiki, basi, kubadili jina na kulifanya jina jipya liwe na maana mbele ya watu lilikuwa jambo walilolifahamu tangu ujana.

3.0 Nani Alimiliki Nini

Msingi wa hoja ya makala haya umo katika swali la umiliki. Zaiko ilianza ikiwa na mgawanyo kati ya waasisi waliosimamia, ambao mashuhuri kati yao alikuwa D. V. Moanda, na vijana waliopanda jukwaani. Miongoni mwa waimbaji wa miaka ya mwanzo walikuwemo Nyoka Longo, Papa Wemba, Evoloko na Mavuela. Bozi Boziana aliungana nao baadaye kidogo. Gitaa la solo lilikuwa mikononi mwa Manuaku Waku, na dramu zilipigwa na Meridjo Belobi.

Bob W. White, katika kitabu chake Rumba Rules (2008), ameonesha jinsi bendi za Kinshasa zilivyokuwa na daraja kali ndani yake. Kiongozi au mfadhili ndiye aliyemiliki ala. Mwanamuziki kijana aliingia kama mwanagenzi, akapokea chochote alichopewa, na faida yake kubwa ilikuwa kuonekana. Hali hiyo haitofautiani sana na ile ya bendi za Dar es Salaam na Nairobi, ambako mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpiga gitaa anaweza kupiga kwa miaka kumi gitaa ambalo si lake, na siku anapoondoka huliacha likiwa limeegemea spika.

Sheria haikumsaidia sana mwanamuziki. Zaire ilikuwa na shirika la umma la kukusanya mirabaha, SONECA, lakini mirabaha hiyo haikuweza kumpa mtunzi wa kawaida maisha ya uhakika. Aidha, hakimiliki yenyewe ilimtambua mtunzi wa maneno na lahani ya wimbo, ambaye kwa kawaida alikuwa mwimbaji. Mpiga gitaa aliyebuni mlolongo wa sauti ulioubeba wimbo kwa dakika nne za sebene, au mpiga dramu aliyebuni mdundo ulioigwa na bendi nyingine zote, hakuwa na pahali pa kusajili ubunifu wake. Ubunifu huo ulihesabiwa kuwa sehemu ya upigaji tu.

Uchumi uliporomoka wakati uleule bendi za vijana zilipokuwa zikichanua. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali ilitaifisha biashara za wageni na kuzigawa, na mwaka uliofuata bei ya shaba katika soko la dunia ikaanza kuanguka. Viwanda vya santuri vilivyotegemea malighafi kutoka nje vilidhoofika. Kanda zilizorudufiwa bila kibali zilienea, na kufikia miaka ya 1980 bendi zilizotaka kurekodi kwa ubora zilielekea Paris na Brussels. Chanzo kingine cha mapato kikakua: kutaja majina ya matajiri ndani ya nyimbo kwa malipo, desturi inayojulikana Kinshasa kama mabanga. Desturi hiyo ina undugu na kutunza, ambako mashabiki wa dansi na taarabu humbandika mwimbaji noti akiwa jukwaani. Katika hali zote mbili, fedha humfuata mwenye kinywa. Mpiga besi hana namna ya kumtaja tajiri.

4.0 Mfululizo wa Kumeguka, 1974–1988

Kumeguka kwa kwanza kulitokea mwishoni mwa mwaka 1974. Papa Wemba, Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana waliondoka na kuunda Isifi Lokole. Ikumbukwe kwamba wote wanne walikuwa waimbaji. Haukupita muda mrefu, Wemba, Mavuela na Bozi wakamwacha Evoloko na Isifi, wakaunda Yoka Lokole. Mapema mwaka 1977 Wemba aliachana na Yoka Lokole pia na kuanzisha Viva La Musica, bendi aliyoishika hadi mwisho wa uhai wake.

Zaiko haikufa kwa kuondokewa na waimbaji hao. Iliziba mapengo kwa sauti mpya, wakiwemo Bimi Ombale, Likinga, Lengi Lenga na Dindo Yogo. Bimi Ombale alianza kama mpiga dramu kisha akahamia kwenye uimbaji. Njia yake inastahili kuzingatiwa, kwa kuwa inaonesha wanamuziki wenyewe walivyoelewa mahali ngazi ilipoegemezwa. Mpiga ala mwenye sauti nzuri alikuwa na sababu ya kusogea mbele ya jukwaa.

Mwaka 1980 Manuaku Waku aliondoka na kuunda Grand Zaiko Wawa. Mwaka 1981 Evoloko, Bozi Boziana na Dindo Yogo walikuwa miongoni mwa waliounda Langa Langa Stars. Mwaka 1983 Choc Stars ya Ben Nyamabo iliwavuta baadhi yao, akiwemo Bozi, ambaye mwaka 1985 aliiacha na kuanzisha Anti-Choc. Hatimaye, mwaka 1988 Zaiko yenyewe iligawanyika vipande viwili. Kimoja, kilichokuwa na Bimi Ombale na Lengi Lenga, kilijiita Zaiko Familia Dei. Kingine kilibaki na Nyoka Longo na kujulikana kama Zaiko Langa Langa Nkolo Mboka.

Majina haya ni ushahidi. Waliotoka Zaiko mara nyingi waliondoka na kipande cha jina: Grand Zaiko, Langa Langa Stars, Zaiko Familia Dei. Waliotoka Isifi Lokole waliondoka na Lokole. Aliyetoka Choc Stars alijitambulisha kwa kulipinga jina hilo, jambo ambalo pia ni namna ya kulitumia. Kama wivu na tamaa vingekuwa maelezo ya kutosha, isingetarajiwa watu waliogombana wang'ang'anie jina la nyumba waliyoikimbia. Walilishika kwa sababu lilikuwa na thamani sokoni. Mashabiki, wenye kumbi na watayarishaji wa Ulaya walilitambua, na kipande chake kilitosha kuwa barua ya utambulisho. Mgawanyiko wa mwaka 1988 unalidhihirisha hilo kwa uwazi zaidi. Familia Dei ni Kilatini chenye maana ya familia ya Mungu, ilhali nkolo mboka kwa Kilingala ni mwenye mji. Upande mmoja ulidai undugu, mwingine ukadai umiliki, na Nyoka Longo ndiye aliyebaki na nyumba.

5.0 Njia Nne za Kikazi

5.1 Mwimbaji aliyejenga jina lake: Papa Wemba

Miongoni mwa waliotoka, Papa Wemba alifika mbali zaidi, na ndiye aliyeacha kutumia jina la zamani mapema kuliko wengine. Viva La Musica haikubeba Zaiko wala Lokole. Badala yake aliunganisha jina lake mwenyewe na mtaa wake wa Matonge, ambako makazi yake yaliitwa Kijiji cha Molokai, jina lililoundwa kwa herufi za kwanza za mitaa iliyoyazunguka. Aliliunganisha pia na unadhifu wa mavazi, hata akawa kielelezo cha vijana waliojulikana kama sapeurs. Mwaka 1987 aliigiza nafasi kuu katika filamu ya La Vie est belle ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy. Katika miaka ya 1990 alirekodi kwa lebo ya Real World ya Uingereza, huku akiendesha bendi moja kwa wasikilizaji wa nyumbani na nyingine kwa soko la Ulaya.

Viva La Musica ilirudia mfumo uleule uliomzaa. King Kester Emeneya alitoka humo mwaka 1982 na kuunda Victoria Eleison. Koffi Olomide, aliyeanza kama mtunzi akiwa mwanafunzi na kushirikiana na Viva La Musica, aliunda Quartier Latin mwaka 1986, na ndani ya Quartier Latin akapita Fally Ipupa kabla ya kuanza kujitegemea mwaka 2006. Hatua hizo ni vidato vya ngazi moja: mwimbaji kijana huingia chini ya jina la mkubwa, huonekana, kisha huondoka na jina lake.

Ngazi hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Mwaka 2003 Papa Wemba alikamatwa nchini Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ilimtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria kwa kivuli cha kuwa wanabendi. Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama kashfa ya mtu mmoja. Kwa mtazamo wa historia ya kazi, linaeleza zaidi. Kufikia wakati huo kuwa mwanabendi kulikuwa na thamani hata kwa mtu asiyejua kupiga ala yoyote, kwa kuwa jina la bendi liliweza kuwa kibali cha kuvuka mpaka. Papa Wemba aliaga dunia tarehe 24 Aprili 2016 baada ya kuanguka jukwaani mjini Abidjan.

5.2 Mwimbaji aliyebaki: Nyoka Longo

Nyoka Longo ni kielelezo cha njia ya pili. Hakuhama. Kadiri wenzake walivyoondoka, ndivyo yeye alivyozidi kuwa mwenye nyumba, mpaka jina la bendi na jina lake yakawa hayatenganishiki. Kwa kubaki, alipata kile ambacho wengine walikitafuta kwa kuondoka. Chini yake bendi iliendelea kupokea vijana, na mwaka 2019 ilitimiza miaka hamsini. Mfano wake hauipingi hoja ya makala haya bali unaitia nguvu, kwa sababu unaonesha kwamba kilichoamua hatima ya mwanamuziki hakikuwa kuhama au kutohama, bali nani alibaki na jina.

5.3 Mwimbaji wa kati: Bozi Boziana

Bozi Boziana alipita Zaiko, Isifi Lokole, Yoka Lokole, akarudi Zaiko, kisha Langa Langa Stars na Choc Stars kabla ya kuwa na bendi yake. Kwa mizani ya lawama, huyu ni mhamaji asiyetulia. Kwa mizani ya kazi, kila uhamisho ulimsogeza: kutoka mwimbaji mmojawapo, hadi mwasisi mwenza, hadi kiongozi. Anti-Choc, kwa upande wake, ilitoa jukwaa kwa sauti za wanawake kama Déesse Mukangi, katika tasnia ambayo bendi zake nyingi hazikuwa na mwanamke mbele ya kipaza sauti. Bila kumeguka kwa Choc Stars, nafasi hiyo isingepatikana kwa namna ileile.

5.4 Wapiga ala: Manuaku Waku na Meridjo Belobi

Hapa ndipo ngazi inapoonesha mapungufu yake. Manuaku Waku alikuwa mmoja wa wapiga gitaa waliounda lugha ya sebene ya kizazi chake. Alipoondoka mwaka 1980 aliweza kuunda bendi, lakini ilimlazimu kubeba jina la Zaiko ndani ya jina jipya. Jina la mpiga gitaa peke yake, hata mwenye ubora wake, halikutosha kuwa bango.

Meridjo Belobi ni mfano wenye uzito zaidi. Mdundo wa cavacha, ule wa dramu unaokwenda kasi bila kukatika, hunasibishwa naye, na simulizi za bendi huuhusisha na mlio wa treni waliyosafiria. Uchezaji ulioambatana na mdundo huo, kwa upande mwingine, hunasibishwa na Evoloko, ambaye alikuwa mwimbaji. Mgawanyo huo wa sifa una maana. Mcheza mbele ya jukwaa aliweza kuondoka na sifa ya mtindo na kuigeuza kuwa bendi. Aliyekaa nyuma ya dramu alibuni mdundo ulioenea kutoka Kinshasa hadi pwani ya Bahari ya Hindi, lakini hakuna bendi iliyozaliwa kwa jina lake iliyofikia kiwango cha zile za waimbaji, na hakuna sheria iliyomwezesha kudai chochote kila mdundo huo ulipopigwa.

Kundi jingine linalofanana nao ni la maatalaku, yaani waita midundo ambao bendi za Dar es Salaam huwaita marapa. Zaiko iliwaingiza jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwachukua kutoka vikundi vya ngoma za asili vya mitaani. Nono Monzuluku na mwenzake aliyejulikana kama Bébé Atalaku walikuja na manyanga yaliyotengenezwa kwa makopo matupu ya dawa ya wadudu. Leo ni nadra kukuta bendi ya Kongo isiyo na atalaku. Hata hivyo, mwito wa atalaku huigwa na bendi ya jirani ndani ya wiki chache, na aliyeubuni husahaulika.

6.0 Mwangwi wa Afrika Mashariki

Safari ya cavacha inaonesha ukubwa wa kilichopotea. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi waliondoka Zaire kuelekea mashariki. Mjini Nairobi bendi zenye asili ya Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilipiga mdundo huo hadi ukawa sehemu ya muziki wa jiji, na Samba Mapangala, aliyefika huko na bendi ya Les Kinois kabla ya kuunda Virunga, aliimba kwa Kiswahili na Kilingala juu ya magitaa ya mkondo huo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Orchestra Maquis du Zaire, iliyoingia nchini mwanzoni mwa muongo huohuo. Wachezaji wa Nairobi waliijua cavacha kwa jina. Wachache walimjua aliyeipiga kwanza.

Ulinganisho na Tanzania unasaidia kuona kwamba suala hili si la Kinshasa peke yake. Mwaka 1978 Mlimani Park ilianza ikiwa na wanamuziki waliotoka Dar International, na mwaka 1985 baadhi ya nguzo zake zikahamia Orchestra Safari Sound. Tofauti ni kwamba bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na mashirika, vyama au wafanyabiashara, hivyo mwanamuziki alihama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, na mara chache aliweza kuanzisha bendi yake. Kinshasa, mwimbaji aliyehama aliweza kuwa mwenye bendi. Dar es Salaam, kwa kawaida alibadilisha mwenye vyombo tu. Mwandishi wa historia ya dansi anayeandika kuwa fulani alikimbia bendi hana budi kuuliza pia mtu huyo alikuwa anamiliki nini alipokuwa ndani yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kumeguka kwa Zaiko Langa Langa kati ya mwaka 1974 na 1988 hakuelezeki vya kutosha kwa tabia za watu. Migogoro binafsi ilikuwepo, lakini migogoro ipo katika kila kazi. Kilichoifanya migogoro ya Kinshasa iishie kwenye bendi mpya ni mfumo ambamo ala zilikuwa za kiongozi, mirabaha haikutegemewa, na jina ndilo lililokuwa mtaji. Mfumo huo ulizaa muziki mwingi, na bila huo pasingekuwepo Viva La Musica wala bendi zilizotoka ubavuni mwake. Hata hivyo, ulimlipa mwimbaji na kumpunja mpiga ala.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la nchi mbili za Kongo. Heshima hiyo inawahusu watu wote waliounda muziki huo. Ikiwa itatafsiriwa kuwa makumbusho, sanamu na majina ya mitaa, mwelekeo wa kumbukumbu utakuwa uleule wa soko: waimbaji watasimama mbele na wapiga ala watabaki nyuma ya picha. Kazi ya mwanahistoria ni kurekebisha mpangilio huo mapema, kwa kuandika historia ya bendi kuanzia kwenye dramu na gitaa la besi kuja mbele. Wengi wa wapiga ala wa kizazi cha wimbi jipya wamekwisha kufariki, na waliosalia ni wazee. Masimulizi yao yasipokusanywa sasa, mdundo utaendelea kupigwa kila Jumamosi kuanzia Kinshasa hadi Mombasa bila kuwa na mwenyewe.